Jina la Kuitiwa Mahameni

Usiku wa manane alilia mtoto porini, nyuma ya nyumba yetu, na mtoto wangu mimi alikuwa amelala kifuani pangu. Nilimpapasa miguu, kichwa, mdomo, nikahakikisha yupo, nikamwamsha baba yake. "Komba huyo," akasema bila kufumbua macho, "lala." Najua ni komba. Nimesoma hadi darasa la kumi, najua kuna mnyama mdogo mwenye macho makubwa anayekaa mitini na kulia kama kichanga, lakini jamani, ukiwa na mtoto ambaye hata shingo bado hajaikaza, elimu yote inakimbilia chini ya kitanda na kukuacha peke yako.

Tangu mume wangu aletwe hapa Usoke kwa kazi ya reli nimekuwa hivi. Nyumba za reli zimepangwa mstari mmoja, mbele ni njia ya gari moshi, nyuma ni msitu wa miyombo, na nyuma ya miyombo ni miyombo tena. Na sasa ni ule mwezi wa kiangazi kabla ya mvua, miti inapotoa majani mapya, nayo si ya kijani bali mekundu, msitu mzima umewaka kama umepakwa ngeu, ule udongo mwekundu. Watu hupita wakasema, tazama uzuri huo. Mimi nafunga dirisha.

Kwa sababu nilipokuwa na umri wa miaka saba hivi, katika mwezi huuhuu, nilipotea msituni, nikaitwa na baba yangu mzazi, nikakataa kuitika.

Kijiji chetu kilikuwa magharibi ya Tabora, kando ya njia ya zamani ya wapagazi, ile iliyotoka pwani ikaenda hadi Ujiji. Wakati wangu wapagazi walikuwa wamekwisha, na njia yenyewe imebaki kijia cha mbuzi. Ukivuka mbuga unaingia kwenye msitu tulioita Mahameni. Hapo ndipo kijiji chetu kilipokuwa mwanzo. Bibi yangu, mama yake baba, aliolewa hapo na kuzaa hapo. Kisha malale yakaingia, mbung'o wakazidi, Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya wa Kizungu, akaja na amri kwamba watu wote wahame wakae pamoja palipofyekwa. Wakahama. Waliacha nyumba, nyua za minyaa, mawe ya kusagia, na miti ikarudi ikameza kila kitu.

"Lakini nyumba haikai tupu," bibi alituambia. "Sisi tulipotoka kwa mlango huu, Wenyewe waliingia kwa ule."

Wenyewe, hakuna aliyewaita kwa jina jingine. Ni wafupi, kimo cha mpini wa jembe, na ngozi yao ni kama gome la myombo, kwa hiyo mmoja anaweza kusimama mbele yako ukamwegemea ukidhani ni mti. Kanga wa porini ndio kuku wao. Kongoni ndio ng'ombe wao. Moto wao hauna moshi. Msitu unapovaa nyekundu kabla ya mvua, basi wana arusi, na wanapokuwa na arusi hutamani watoto, maana wao hawazai. Hawamkamati mtoto kwa mkono. Humwita kwa jina lake, kwa sauti ya mtu anayempenda, na akiitika tu wameshalichukua jina. Mtoto atarudi nyumbani, atakula, atalala, lakini ukimwita hageuki tena, maisha yake yote. Jina limebaki kule.

Ndiyo sababu tulikuwa na majina ya porini. Babu yangu alikuwa mpagazi, na wapagazi walipotoka nyumbani waliacha jina lao kwa wake zao wakajitwalia la njiani, ili pori lisijue nani wa kuitwa. Bibi aliendeleza desturi hiyo kwetu wajukuu. Alikunong'oneza jina sikioni, mkabaki mnalijua wawili tu, na alichagua majina ya vitu visivyotamaniwa. Mimi aliniita Majivu. "Nani aibe majivu?" alisema. "Majivu hutupwa nje."

Mama hakutaka hata kusikia. Mama alikuwa Mmoraviani wa kweli kweli, kiongozi wa kwaya, mwenye sauti ambayo mchungaji alisema ingeweza kuendesha ibada peke yake. Siku aliyonikuta kisimani nimeziba masikio kwa kuwa mtu ameniita kutoka upande wa msitu, alinifinya shavu akaenda moja kwa moja kwa bibi.

"Mama, shikamoo. Naomba mambo hayo yaishe. Mtoto anaitwa Salome, ana jina la ubatizo, linatosha."

"Marahaba," bibi akajibu, akaendelea kupeta mtama.

Siku ile tulikwenda kuokota mbura, mimi na shangazi, dada yake baba, pamoja na wanawake wengine. Yale matunda yenye nyama ya unga yalikuwa yametapakaa chini, na wanawake wakainama huku wakisengenya, nami nikasikia ndege wa asali. Mnamjua, yule anayekuja mbele ya uso wako akipiga kelele kama mtu anayetikisa kibiriti, anaruka kidogo, anangoja, anaruka tena, akupeleke kwenye mzinga. Nikamfuata. Nilitaka nirudi na asali, nisifiwe. Nilimfuata mpaka akanyamaza, na aliponyamaza niligeuka, na kila upande ulikuwa mwekundu na kila upande ulikuwa sawa.

Nilitembea sana. Mwishowe nikaona uzio wa minyaa uliokua hadi kuwa mrefu kuliko nyumba, na katikati yake uwanja, na kwenye uwanja jiwe la kusagia. Nikajua nipo wapi. Jua lilikuwa bado juu, nuru ikipita kwenye yale majani ikaanguka chini rangi ya chai, na kundi la kanga likakatiza uwanja bila haraka, limepangana, kama kuku wanaojua njia ya kwao. Juu ya jiwe palikuwa na mbura zilizomenywa, mbichi, bado zina maji.

Sikulia. Niliingia ndani ya minyaa, nikakunja magoti, nikajifunika uso kwa kitambaa changu.

Ndipo wakaanza kuniita.

"Salomeee!" Sauti ya shangazi. Nikabana midomo. "Salome, mwanangu, itika!" Sauti ya mzee wa kanisa. Walikwenda wakarudi, wakati mwingine mbali, wakati mwingine karibu, na kila walivyoniita kwa upendo zaidi ndivyo nilivyozidi kujikunja, maana si ndivyo bibi alivyosema hasa? Kisha akaja baba. Baba yangu alikuwa fundi seremala, alivaa viatu alivyojikatia mwenyewe kwa mpira wa gurudumu la lori, na niliviona vile viatu vikisimama mbele ya minyaa, karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningevigusa. "Salome," aliita, na sauti ilikuwa imemkauka. "Salome, mama yangu, ni mimi." Nikafumba macho. Wanaweza kuvaa viatu pia, nikawaza. Wanaochukua sauti watashindwaje viatu? Nikasikia akivuta pumzi, nikasikia viatu vikiondoka, na nilifurahi. Sasa ninapomtazama mwanangu akilala, hilo ndilo linaloniuma, kwamba nilifurahi.

Yaliyofuata kijijini nilisimuliwa na shangazi, ambaye kila mwaka aliyaongezea chumvi, lakini mama hakuwahi kuyakana.

Jua lilikuwa limeanza kushuka, na mbugani fisi walikuwapo, na simba hawakuwa hadithi enzi zile. Baba akarudi kutafuta watu zaidi na mienge. "Tumeita mpaka koo zimepasuka," alisema. "Angekuwa hai angeitika." Wanawake wakaanza kulia. Mama peke yake hakulia. Alisimama kama mtu aliyekumbuka chungu jikoni.

"Yuko hai," akasema. "Anatusikia. Amekataa kuitika."

Akakimbia kwa bibi. Bibi miguu ilikuwa imevimba mvua zote mbili zilizopita, hakuweza kufika hata kisimani. Mama akapiga magoti mlangoni.

"Mama, ulimpa mtoto jina gani?"

"Jina gani tena?" bibi akasema. "Si ana la ubatizo, linatosha?"

Shangazi alisema hapo alitaka kumpiga mama yake mzazi. Lakini mama hakujibu ukali kwa ukali. Alisema tu, "Mama, jua linazama," na bibi akaona uso wake, akauweka ungo chini. Akamvuta mkwewe kichwa, akamnong'oneza.

"Hilo?" mama akauliza. "Hilo kweli?"

"Hilo. Na uite kwa nguvu, ukilionea haya litakuwa halina maana."

Mimi nilikuwa bado ndani ya minyaa, nina kiu, majani niliyokalia yameanza kupoa, na nje rangi nyekundu ilikuwa inageuka nyeusi kuanzia chini kwenda juu. Nikasikia watu wengi wanakuja. Kisha sauti moja, ndogo, kama ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani asiyeelewana naye.

"Majivu."

Nikainua kichwa.

"Majivu!" Sasa kubwa. Kisha ile sauti ya kwaya ikafunguka yote, sauti ya Jumapili, ikapanda juu ya miti, na wazee wa kanisa na wanawake wote wakiwa nyuma yake wanasikiliza. "Majivuuu! Majivu weee! Njoo kwa mama, Majivu!"

Hesabu yangu ya kitoto ilikuwa hivi: sauti wanaweza kuiba, viatu wanaweza kuiba, lakini jina lile analijua bibi tu, na bibi asingeliuza. Kama mama analo, amepewa. Kama amepewa, ni mama.

"Abee!" nikaitika, na ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

Mama alinipiga kofi moja, kisha akanibeba mgongoni kwa kanga kama mtoto mchanga, mimi mzima na miguu yangu ikining'inia. Baba alitufikia anahema.

"Nilisimama hapa," akasema. "Nilikuita. Hukunisikia?"

"Nilikusikia."

"Sasa?"

"Nilijua si wewe."

Baba akakaa juu ya lile jiwe la kusagia, akacheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kiganja, na kicheko hicho hakikuwa kicheko chote. Shangazi akamwangalia kwa mwanga wa mwenge. "Usimlaumu mtoto," akasema. "Kwa sura hiyo uliyo nayo leo, hata mimi sina hakika."

Zile mbura juu ya jiwe zilikuwa hazipo tena. Huenda ngedere. Sijui, na sikuuliza.

Mzee mmoja wa kanisa alikuja baadaye kumwuliza mama kuhusu jina lile aliloliita hadharani. Mama alikuwa anakoroga uji, hakuacha mwiko. "Nilimwita mwanangu," akasema. "Akaja." Mzee akanywa uji, akaenda zake. Na tangu siku hiyo mama alimpelekea bibi maji ya kuoga kila jioni mpaka bibi alipofariki, ingawa bado walibishana, sasa kuhusu chumvi, kuhusu kuni, kuhusu kila kitu isipokuwa hilo.

Nimeyafikiria haya miaka mingi, shuleni nikisomeshwa kwamba malale huletwa na mbung'o na si na mtu mwingine yeyote, na sasa hapa, nikiwa na mtoto wangu, na komba wake nje. Bibi alinipa jina ili linikinge, na lilikaribia kuniua. Woga aliouweka ndani yangu kwa kunipenda ulinifanya nimwogope baba yangu. Lakini njia ya kunitoa ilikuwa kwa bibi huyohuyo, na aliyeipita ni mama, asiyeyaamini mambo ya bibi hata kidogo. Kama Wenyewe wapo au hawapo, sitawahi kujua. Ninachojua ni kwamba mama yangu aliweza kusimama msituni mbele ya kanisa zima na kupaaza jina aliloliona la aibu, kwa sababu ndilo nililoweza kulisikia. Nikiwaza hilo, moyo unatulia. Si sana, ila kiasi cha kuniwezesha kufungua dirisha.

Mama yuko hapa kwangu sasa, alikuja na gari moshi kunisaidia na mtoto. Asubuhi baada ya komba alinikuta nimekaa nje, macho mekundu, nimemkumbatia mtoto na nimeelekea msituni.

"Umempa?" akauliza. Hakusema nini.

"Nimempa jana usiku," nikasema. "Lakini nitamfundisha tofauti, mama. Akisikia sauti ya baba yake aitike, kwa jina lolote. Na safari hii jina halitajulikana na mtu mmoja tu. Baba yake nimeshamwambia, alicheka lakini ameshika. Umebaki wewe."

Nikamnong'oneza. Mama akakunja uso, akamtazama mjukuu wake aliyekuwa akinyonya kidole bila habari.

"Maskini," akasema, "hili baya kuliko lako." Akalirudia kimya kimya, midomo inacheza, mara kadhaa, kama anavyojifunza wimbo mpya wa kwaya, mpaka nikaona limeingia. Kisha akamchukua mtoto mikononi mwangu ili nikalale.

"Mimi simwambii mtu mwingine," akasema.