Nipe Negativu Yangu

Studio moja ya picha hapa Machakos imenunua kamera ya dijitali. Juzi nikingoja zamu yangu, mama mmoja wa Muthetheni alipewa picha zake za pasipoti. Hakuondoka. Alinyoosha mkono tena.

"Na negativu? Ile filamu yenye sura yangu?"

"Siku hizi hakuna, mama. Picha inakaa kwa kompyuta."

"Mwaka jana niliwaachia negativu, mkaniweka kwa dirisha, mnaita wateja na sura yangu. Toa."

Mpiga picha akamgeuzia skrini, akabonyeza kufuta, uso ukapotea.

Mama akachungulia nyuma ya kompyuta. "Imeenda wapi?"

Mpiga picha akaita mteja anayefuata.

Zamu yangu ilipofika, niliambiwa nitabasamu. Nilikataa. Kama uso wangu utabaki humo na watu nisiowajua, heri ubaki umenuna.