Tangazo la Kifo Nililolifuta

Vita vilipomeza miji ya Kivu ya Kaskazini, mmoja baada ya mwingine, mimi nilikuwa Lubumbashi, mbali kabisa na risasi, nikisimamia kundi la kutumiana ujumbe kwa simu.

Nilikuwa nimeajiriwa na chama cha wafanyabiashara waliotoka huko Kivu, wenye maghala ya unga, saruji na samaki wa chumvi, na wenye malori, watu wa kusali kwanza kabla ya kupakia mzigo. Mimi si wa kwao. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa mgodi Kipushi, na masomo ya mawasiliano niliyapata chuo kikuu, Kasapa. Rais wa chama, mzee wa maneno machache aliyeuza saruji kwa jumla, alinieleza siku ya kwanza kwa nini wamenichukua: “Bantu ba kwetu banajua kuuzisha, mama. Kuandika habajue.”

Basi niliandika. Kundi lilikuwa na wanachama karibu wote, na juu yake tulikuwa na ukurasa wa chama mtandaoni, ambao yeyote duniani angeweza kuusoma. Nilitangaza lori lililofika, harusi, ubatizo, mkutano wa Jumamosi. Aliyetuma vichekesho nilimwonya kwa upole. Ilikuwa kazi ya mtu mwenye subira, na mimi nilidhani ninayo.

Kisha mitandao ya simu ikakatika kule mashariki, na watu wa Lubumbashi wakabaki wakipiga namba zisizoita. Kundi likageuka soko la hofu. Nilikuwa nikiamka nakuta sauti za watu wanalia, ramani zilizochorwa kwa kalamu, habari kwamba daraja fulani limevunjwa, na baada ya dakika tano habari kwamba halijavunjwa. Halafu zikaanza picha za maiti. Nilifuta ya kwanza, nikafuta ya pili. Mzee mmoja muuza maharagwe akaniambia mbele ya wote kwamba ninaficha ukweli kwa kuwa wanaokufa si ndugu zangu. Maneno hayo yaliniuma, na picha iliyofuata sikuifuta.

Ilionyesha mtu amelala kifudifudi kwenye mtaro kando ya barabara. Uso hauonekani. Amevaa jaketi la bluu lenye mistari ya njano mikononi.

Haikupita hata saa moja, ikaingia sauti ya mwanamke mmoja wa kundi, muuza vitenge wa mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi, ambaye kaka yake aliendesha lori na alikuwa amekwama kule. “Ile jaketi ni mie nilimununulia,” alisema, na sauti yake ilikuwa tulivu kuliko nilivyoweza kuvumilia. “Nilibadirisha na zipu. Ni kaka yangu. Banamuuwa kaka yangu.”

Rais akanipigia simu. “Weka tangazo.”

“Papa, tungoje kidogo. Uso hauonekani.”

“Dada yake anamutambua. Weye ni nani wa kusema hapana?”

Nikatafuta picha ya yule dereva akiwa amevaa suti kwenye harusi ya binamu yake, nikaandika maneno mazuri chini yake, nikaweka kwenye ukurasa. Nakiri hapa jambo ambalo sikumwambia mtu kwa muda mrefu: niliyapenda maneno yale. Rambirambi zilimiminika kutoka Kolwezi, Kampala, hata Ulaya, na mimi nilikuwa nikifungua simu kila mara kuona zimeongezeka ngapi. Hakuna tangazo langu lililowahi kusomwa hivyo.

Kilio kiliwekwa uani kwa dada yake. Turubai lilifungwa, viti vikakodiwa, wanaume wakakaa mbele na wanawake nyuma kwenye moto. Siku ya kwanza nilienda kutoa pole. Aliyekuwa anasonga bukari, ugali wa huku kwetu, kwenye sufuria kubwa alikuwa mama mmoja mnene, mkimya, mzaliwa wa Lubumbashi kama mimi, wa familia ya wakulima wa pembeni mwa mji. Mume wake alikuwa dereva pia, mwenzake yule tuliyekuwa tukimlilia. Walisafiri pamoja, malori mawili yakifuatana. Mama huyo hakuwa kwenye kundi letu, kwa sababu si wa Kivu na simu yake ilikuwa ile ya kupiga na kupokea tu. Kila mgeni aliyeingia alimuuliza swali lile lile, huku mwiko uko mkononi: “Na wangu, hamuyasikia habari yake?”

Hakuna aliyekuwa na habari. Mimi, mwenye kundi zima la kuuliza, nilimpa pole nikapita.

Siku ya tatu, asubuhi, nikiwa ofisini, simu ya chama iliita kwa namba ya Uganda.

“Dada, ni weye unaweka matangazo ya chama?”

“Ndiyo. Nani mwenzangu?”

“Ni mie munalilia.”

Nilitaka kukata. Matapeli walikuwa wameshaanza kupigia familia wakijifanya waliopotea. Nikamuuliza jambo moja tu, ambalo halikuwekwa kwenye ukurasa: dada yako alibadilisha nini kwenye jaketi lako?

“Zipu,” akasema papo hapo. “Aliweka nyeupe, ile ya zamani ilivunjika. Dada, mie niko muzima. Nilivuka mupaka jana. Hapa naona sura yangu kwa simu ya muntu, bantu banaandika nipumuzike kwa amani. Dada yangu eko namna gani?”

Nilicheka na machozi yakanitoka kwa pamoja. Nikamwambia jinsi watu walivyokusanyika, jinsi dada yake alivyolitambua jaketi kwenye picha.

Akaniambia nirudie. Nikarudia, nikidhani mtandao ni mbovu.

“Muliona jaketi?” akauliza. “Wapi? Nani alikuwa anaivaa?”

Hapo ndipo nilipoelewa, nikiwa nimeshasema. Jaketi alikuwa amempa mwenzake, mume wa yule mama wa bukari. Yule mwenzake alishikwa na homa njiani, akawa anatetemeka, na kwenye msongamano wa watu waliokimbia wakapotezana. Kwa siku zote zile dereva huyu alikuwa akiamini kwamba rafiki yake ametangulia mpakani. Mimi ndiye niliyemwambia, kwa furaha, katikati ya kicheko.

Nilikodi pikipiki hadi mtaa wa Kenya, kilioni. Njiani nilipanga namna ya kusema, na kila mpango ulibomoka. Nilimkuta rais, nikamvuta pembeni. Alisikiliza akiwa ameangalia chini, kisha akasema tuanze na dada, ndani ya nyumba, tumwambie polepole.

Lakini nani anaweza kusikia habari ile polepole? Dada alipiga ukelele uliosikika mtaa mzima. Akatoka mbio, kichwa wazi, akirudia, “Eko muzima! Eko muzima!” Uani pakalipuka. Wanaume walisimama, mtu akaanza wimbo wa kanisani, viti vikaanza kukunjwa. Na mama yule wa kwenye moto alitupa mwiko, akaja mbio kupiga vigelegele kuliko wote. Alimkumbatia dada, akamzungusha. “Mungu asifiwe!” alisema. “Kama wako eko muzima, na wangu eko karibu!”

Nilibaki mlangoni. Dada alinitazama juu ya bega la mama yule, bado anacheka, na nikaona kicheko kinamtoka usoni kidogo kidogo. Alikuwa amekumbuka jaketi. Alinitazama tu, nami nikaitika kwa kichwa.

Ningeweza kusema rais alifanya hilo lililofuata, au mimi. Si kweli. Alilifanya dada. Alimshika mama yule mikono yote miwili, akamkalisha kwenye mkeka aliokuwa anakalia yeye siku tatu, mkeka wa mfiwa, akakaa chini kando yake. Akamwambia kwa sauti ya chini. Sikusikia maneno. Nilisikia watu wakinyamaza, safu kwa safu, kutoka nyuma hadi mbele, na waliokuwa wanakunja viti wakavikunjua tena.

Hakuna aliyerudi nyumbani siku ile. Dada ndiye aliyeinuka kwenda kusonga bukari.

Nilifuta tangazo. Nikaandika jingine fupi la kukiri kosa, kosa langu, si la familia wala la chama. Kuhusu yule aliyekufa sikuandika kitu. Nilienda kumuuliza mke wake anataka niandike nini, kwake mtaa wa Katuba, wiki iliyofuata.

“Ile picha,” aliniuliza, “bantu bengi baliiona?”

“Bengi, mama.”

“Unaweza kuitoa?”

Kwenye kundi letu niliweza. Kwingineko nilipiga simu, niliandika, nilibembeleza wasimamizi wa makundi nisiyoyajua. Wengine waliifuta na kuniombea baraka. Wengine walinijibu kwamba dunia lazima ione. Sijui leo iko wapi. Yule mzee wa maharagwe, aliyenishutumu mbele ya wote, alikuwa wa kwanza kunisaidia. Aliwapigia watu wa kwao kwa lugha yao, siku mbili nzima, na hakuwahi kutaja kwa nini.

Kisha nilitaka kumwingiza mama yule kwenye kundi, kwa simu ya mwanawe wa kike. Wanachama wawili wakasema huyu si wa kwetu. Dada akatuma sauti moja: “Bwana yake alikufa mu jaketi ya kwetu.” Nami nikamwingiza.

Dereva alirudi miezi mingi baadaye, kwa njia ya Tanzania na Zambia, amekonda, ndevu zimejaa. Kabla hata ya kulala usiku mmoja nyumbani kwa dada yake, alitaka kwenda Katuba. Tulimsindikiza dada yake na mimi. Nilizima simu mlangoni.

Alipiga magoti mbele ya mama yule akaanza kuomba msamaha. Mama alimzuia. Hakutaka msamaha, alitaka kujua. Mume wake alikula nini mara ya mwisho? Viazi, alisema dereva, viwili, cha tatu alinipa mimi. Alikuwa anasemasema nini? Alikuwa anakusengenya, mama, anasema unamunyima chumvi. Mama akacheka, akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

“Anzia mbali,” akamwambia. “Anzia ile siku mulitoka hapa.”

Dereva akavuta kiti, akaanza tangu foleni ya malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia.