Gari Lililovalishwa Mapazia

Nyumbani kwa Protas hakuna kitu kinachokaa uchi. Televisheni ina kitambaa, friji ina kitambaa, mtungi wa gesi umevalishwa gauni lenye marinda, na rimoti haijawahi kuvuliwa nailoni iliyokuja nayo. Ukiuliza sababu, jibu ni jepesi: Protas anauza mapazia. Ana duka Rwezamenyo, hapa Kigali, mlango mmoja, marobota ya vitambaa hadi darini, na kwa imani yake Mungu aliumba madirisha kwanza, watu wakafuata ili wayafunike. Alitoka Karagwe kijana, akavuka mpaka na begi moja na mdomo mmoja. Begi lilishachakaa zamani.

Mkewe, Claudette, ndiye mshonaji. Protas anapima dirisha, anasifia kitambaa, anaapa kwamba hakichuji. Claudette anakaa nyuma ya duka, kichwa chini, mguu kwenye pedali, anashona uongo wa mumewe uwe kweli. Aliingia kwenye ndoa ile na kitu kimoja cha maana: kiwanja cha Kabuga, alichoachiwa na baba yake, chenye mparachichi ulioinama upande mmoja kama mlevi anayesikiliza umbea. Hapo ndipo wangejenga. Walilisema hilo kila mwaka, kama watu wanavyosema wataacha sukari.

Halafu Protas akapewa lifti kwenye gari la haibridi.

"Mama Trinah," alimwambia mkewe jioni ile, macho yamemtoka, "lile gari haliungurumi. Linanong'ona. Lina petroli, lina na betri kubwa nyuma ya kiti. Ukishuka mlima, betri inajijaza yenyewe. Na Kigali hii, mama, kuna nini zaidi ya milima?"

"Na kupanda?"

"Kupanda nini?"

"Mlima, Papa Trinah. Ile umeshuka, haukupanda kwanza?"

Protas akamwangalia kwa huruma, kama mwalimu aliyeulizwa swali na mbuzi. Wiki chache baadaye kiwanja cha Kabuga kikauzwa.

Mnunuzi alikuwa Melchior, jirani wa pale pale Kabuga, mzee aliyeendesha magari ya misheni hadi akastaafu, mtu wa sauti ndogo na suti kubwa. Alimwonea Claudette huruma. "Binti yangu," alisema, "mimi sina haraka. Sitagusa udongo kabla ya kiangazi. Mkipata cha kunirudishia, kiwanja ni chenu. Mkiona mnashindwa, nipeni tu habari mapema, kwa wema, na mimi nianze kujenga."

"Gari lenyewe ndilo litakalokirudisha," Protas akaapa mbele yao wote wawili. "Petroli litakayotuokolea peke yake inatosha."

Claudette hakuapa kitu. Alisema tu, "Ile ndiyo baba aliniachia. Ingine haiko."

Gari likaja: la fedha, limetumika Ulaya, limeng'arishwa mpaka nzi anateleza. Siku ya kwanza tu Protas akaona kasoro ambayo wazungu wote hawakuiona. Lilikuwa uchi. Viti vitupu! Dashibodi tupu! Na ubavuni mwa kiti cha nyuma kulikuwa na kitundu chenye vijiti vya plastiki, kimeachwa wazi, vumbi liingie linavyotaka. Akapima kama anavyopima madirisha. Kiti cha mbele kikapata vitambaa vya kufuma, dashibodi ikapata lesi, na kiti cha nyuma kikavalishwa pazia zito la velveti ya zambarau, pande zote, hadi sakafuni, limebanwa vizuri juu ya kile kitundu. Claudette alishona bila kuuliza, maana mambo ya gari, aliambiwa, ni teknolojia.

"Wee Protas!" akapaza sauti Akoth, Mkenya anayeuza mafuta ya nywele duka la pili. "Hiyo ni gari ama ni jeneza la askofu?"

"Wivu huo, dada yangu."

"Wivu wa nini? Mimi nikifa nizikwe ndani ya hiyo."

Lakini utamu wenyewe ulikuwa kwenye skrini. Katikati ya dashibodi palikuwa na mchoro wa gari, na mishale: mshale wa kijani ukitoka kwenye magurudumu kwenda kwenye betri, mshale wa manjano ukitoka kwenye injini kwenda kwenye magurudumu, na betri yenyewe ikichorwa vipande vipande kama muwa uliokatwa. Na chini yake, namba. Protas aliona herufi L, akaona km, akafarijika kama mtu aliyekutana na watu wa kwao ughaibuni. Alizijua hizo. Kwao Karagwe mjomba wake alikuwa na pikapu iliyokwenda kilomita nane kwa lita moja, na mjomba alitembea kijiji kizima akiitaja ile nane kama mtoto aliyefaulu seminari. Katikati ya L na km pale kwenye skrini kulikuwa na mia moja, lakini Protas hakuigusa. Magari ya Ulaya yana madoido mengi.

Wiki ya kwanza namba ilisoma tano.

"Tano!" Alikaa kwenye usukani amenyong'onyea. "Pikapu ya mjomba, ya chuma, yenye mbuzi nyuma, nane! Hili linasoma tano!"

Akaanza kulifundisha gari. Aliona kwamba akishuka mlima polepole, mguu nje ya pedali, namba inaporomoka. Basi akaacha kushuka polepole. Aliona kwamba akikanyaga mafuta kwa hasira, namba inapanda. Basi akakanyaga kwa hasira. Akawa anapanda mlima wa Nyamirambo kama anayefukuzwa na mume wa mtu, na gari lile lililofundishwa kunong'ona sasa linapiga mayowe. Sita. Saba. Siku namba ilipofika nane alimpigia mjomba simu.

Claudette alikaa nyuma. Mbele palikuwa pa wateja, na siku ambazo hakuna mteja palikaa marobota. Nyuma, ndani ya velveti, alisikia kitu.

"Papa Trinah, huku iko kitu inalia. Kama mtoto iko na mafua."

"Ni kiyoyozi."

"Na moto. Mgongo yangu inaungua."

"Ni velveti, mama. Velveti ni kitambaa cha joto, wewe mwenyewe mshonaji hujui?"

Claudette akasogea mbele, mgongo usiguse kiti.

Msimu wa mvua ukapita kati ya harusi na mapazia ya harusi. Claudette alishona mchana hadi vidole vikafanya sugu, na alichopata akakiweka kwenye kikundi chake cha akina mama, akiba ya kiwanja cha Kabuga, akisema jina hilo kila anapoweka. Protas naye alichangia namba. Kila jioni aliingia ndani kama nabii anayeshuka mlimani.

"Tisa nukta nne!"

"Ni nzuri?"

"Mama Trinah! Tulianza na tano!"

Na betri nayo, alisema, imekuwa kijana. Zamani vipande vyake vilikuwa vinajaa taratibu. Siku hizi ukishuka kilima kidogo tu, tayari imejaa pomoni! Kwamba ukipanda kilima kidogo tu imekwisha yote, hilo Protas alilihesabu kama uchangamfu. Mtu anayekula haraka na kumaliza haraka, si ndiye mwenye afya?

Namba ilipofika kumi na moja alishindwa kuvumilia. Aliipiga picha ile skrini, mishale na lesi na yote, akaituma kwa kila mtu aliyemjua: mjomba, paroko, Akoth aliye duka la pili. Akamtumia na Melchior kule Kabuga, ajue kwamba wenye kiwanja wako njiani. Akaandika chini yake: "Mzee, angalia mwenyewe tulipofikia." Baada ya wiki akatuma ya kumi na mbili.

Melchior alijibu mara moja tu, kwa adabu: "Nimeelewa, mwanangu. Pole, na asante kwa kunijulisha."

"Pole ya nini?" Claudette akauliza.

"Ndivyo wazee wenu wanavyopongeza. Nyinyi Wanyarwanda hamna neno lililonyooka."

Mwisho wa mvua, Claudette akapokea zamu yake ya kikundi. Alizifunga pesa zile kwenye leso, akavaa kitenge chake kizuri, akasema twende Kabuga. Nyuma palikuwa pamejaa mapazia ya mteja wa njiani, kwa hiyo siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu urithi wa baba yake ugeuke kuwa gari, alikaa kiti cha mbele.

Hadi Remera alitazama nje. Baada ya hapo akatazama skrini.

"Ile ndiyo namba yako?"

"Ndiyo hiyo, mama. Kumi na mbili nukta saba. Leo itagonga kumi na tatu, utaona."

Claudette aliisoma. Alisoma shule ya masista, ya Kifaransa, ambako watoto walipigwa fimbo kwa ajili ya vitu kama hivyo. Akasoma tena.

"Papa Trinah. Hapa imeandika lita kwa kilomita mia."

"Ndiyo."

"Kwa kilomita mia, inakunywa lita kumi na mbili."

"Ndi..." Protas akatoa mguu kwenye pedali. Namba ikashuka kidogo, kwa upole, kama mtu anayepiga magoti kuomba msamaha. "Hapana. Lita moja, kilomita kumi na mbili."

"Imeandikwa hapa. Ile tano ndiyo ilikuwa nzuri." Hakupaza sauti. Alitazama mbele barabarani na kusema kwa Kinyarwanda, kama anayemweleza mtu wa tatu, "Iyi modoka iranywa." Gari hili linakunywa. Hivyo ndivyo watu wa kwao wanavyomsema mume mlevi.

Protas alifungua mdomo, ule ule aliovuka nao mpaka, na kwa mara ya kwanza ukawa mtupu. Ndipo skrini ikamsaidia kubadilisha mazungumzo. Pembetatu nyekundu ikawaka. Betri, iliyokuwa imejaa sasa hivi, ikawa kipande kimoja, kisha haina kitu. Kwenye kilima cha kuingia Kabuga gari likapoteza nguvu, likajikokota kwa aibu hadi juu, likapita soko, likaingia njia ya udongo, na mbele ya kiwanja cha baba yake Claudette likazima.

Hawakuwa na haja ya kushuka ili waone. Mawe ya msingi yalikuwa yamepangwa pande zote nne, mafundi wanachanganya zege, na pale pa mparachichi palikuwa na shimo la choo.

Melchior akaja mbio na suti yake, mikono yote miwili mbele kumsalimia Claudette.

"Binti yangu! Mmekuja kuona?"

"Mzee, kiangazi bado."

"Bado, ndiyo." Akachanganyikiwa, akamwangalia Protas. "Lakini mwanangu ulinipa habari. Ulinitumia picha. Kumi na moja! Halafu kumi na mbili! Mimi nimeendesha lori la misheni, najua gari linalokunywa hivyo halimrudishii mtu kiwanja. Nikamwambia mke wangu, angalia mtoto wa watu alivyo na adabu. Ameshindwa, na hasemi kwa mdomo, ananionyesha. Nikaita mafundi siku hiyo hiyo."

Fundi mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

Claudette alifungua mlango wa nyuma. Akatoa mapazia ya mteja, akashika velveti yake mwenyewe, mshono wake mwenyewe, akaivuta. Kitundu kile kikamtapikia hewa ya moto usoni, moto wa kuunguza, na harufu ya plastiki iliyoiva. Hapo ndipo betri ilikuwa inavutia pumzi. Fundi magari Ndayisaba wa Gikondo alikuja kusema hivyo hivyo baadaye, kwa maneno mengi zaidi, akiwa ameishika lesi kwa vidole viwili: betri imejipika, na kadiri ilivyokuwa inakufa, injini ilibeba mzigo wote, na ndiyo maana namba ilipanda. Miezi yote ile Protas alikuwa anashangilia homa ya mgonjwa.

Lakini pale Kabuga Claudette hakuwa anahitaji fundi. Alimpa mumewe leso, na fundo lake.

"Shika. Nunua betri."

"Mama Trinah, hizi ni za kiwanja..."

"Kiwanja gani?"

Akarudi Rwezamenyo kwa basi.

Gari sasa limepona. Linanong'ona kama zamani, viti vitupu, na skrini inasoma tano. Protas haitazami, ameifunika kwa kitambaa cha kufuma. Akoth humuuliza kila asubuhi, "Leo tumefika ngapi, bwana?" naye hujibu kwamba ana wateja.

Na wateja kweli anao. Nyumba ya Melchior imeezekwa, na mzee, kwa kuwa ni mtu wa wema, alisema mapazia atayanunua kwao tu, watu wasaidiane. Protas alikwenda na futi yake akapima madirisha yote. Claudette akakata, akaingiza uzi, akauliza swali moja tu bila kuinua kichwa.

"Lile dirisha kubwa linatazama wapi?"

"Upande wa mparachichi," Protas akasema.

"Iko choo pale," akasema Claudette, na mguu wake ukarudi kwenye pedali.