Mzigo Ulioachiwa Juu ya Wingu

Usiku ule nililala mapema, bila kula, kwa sababu barua ya kuacha kazi nilikuwa nimeshaiandika na sikuwa na jingine la kufanya. Wiki tatu zilikuwa zimepita sijagusa ndege. Safari yangu ya mwisho nilitumwa pamoja na muuguzi kumchukua mama mjamzito katika kijiji kimoja cha milimani, hali yake mbaya, tukakuta wingu limefunga bonde zima. Nilizunguka mara mbili, nikarudi. Jioni tukaambiwa yule mama, Anastazia, amefariki, yeye na mtoto. Msibani sikwenda. Niliona haya.

Basi nikamwona Kapteni Mbaruku, aliyenifundisha kurusha ndege, ambaye tulimzika mwaka juzi. Alikuwa anaizunguka ndege yangu na kuipapasa bawa kwa kiganja, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Shikamoo, Kapteni."

"Panda," akasema. "Leo narusha mimi."

Sikumbuki tulivyoondoka ardhini. Tuko juu, jua linawaka, naye ni kijana, amevaa sare ya jeshi niliyowahi kuiona pichani tu. Enzi za vita alirusha ndege ya mabomu. Hilo kila mtu alilijua. Vita vilipokwisha akanyunyizia pamba dawa, akabeba chanjo, walimu, maiti, hata mbuzi wa harusi, kisha akatufundisha sisi mpaka macho yakamkatalia. Wanafunzi wake tulimtania kwamba mzee huyu atazikwa na usukani wake. Alicheka, lakini habari za vita hakutusimulia hata siku moja.

Sasa chini yetu kuna wingu, jeupe, halina hata tundu. Mkono wake umeshika mpini wa kuachia mabomu.

"Hapa niliambiwa kuna kambi," anasema. "Sikuona kitu. Nikaona haya kurudi na mzigo, wenzangu wangenicheka. Nikaachia."

"Chini kulikuwa na nini?"

Anainamisha bawa. Tunazunguka tu. Nikimtazama tena amezeeka, kichwa chote mvi, na bado ananyoosha shingo kuchungulia chini. Ndivyo alivyokuwa akichungulia kila safari, miaka yote ile, nasi tukidhani ni umahiri. Nikamwonea huruma mpaka machozi yakanitoka.

"Wewe ulirudi," akasema. "Ungeshuka humo, ungemuua na muuguzi wa watu."

"Lakini Anastazia amekufa, Kapteni."

"Amekufa. Basi nenda ukawape pole wenyewe. Mimi mpaka naingia kaburini sikujua nikapige hodi kwa nani."

Nikataka kumshika mkono. Nikajikuta nimeshika shuka.

Kulikuwa kumekucha, jirani anafagia uwanja. Nilikaa kitandani nikilia bila kujizuia, kwa ajili yake na kwa ajili ya wale wawili. Kisha nikanawa uso, nikajifunga kanga, nikatoka kwenda kutafuta basi. Anastazia, mke wa Damiani fundi cherehani, nyumba ya tatu kutoka zahanati. Yote hayo niliyajua tangu siku ile. Yalikuwa yameandikwa kwenye karatasi ya safari.