Mikono Minne ya Mama

Harufu ya mbao za saiprasi zilizotoka kurandwa hadi leo huniinua kitini. Hunirudisha kwa fundi wa majeneza, nje kidogo ya katikati ya jiji, mwishoni mwa miaka ya themanini, msimu wa baridi ambao baba, mtunza bustani kwenye mtaa wa matajiri wa Lavington, alifariki. Nilikuwa darasa la tatu. Sikuweza kutulia, nilizunguka nikikanyaga maranda, huku baba mdogo akichungulia barabarani kila mara. Gari la kutupeleka nyumbani, magharibi, lilikuwa liondoke kabla ya jua kuzama, na dereva hakuwa mtu wa kubembelezwa.

Kwetu mume akifa, mke ndiye aliyempima kwa ajili ya jeneza. Mama alikuwa ameingia chumba cha maiti, akampima baba kwa mkono wake, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, kisha akamtuma baba mdogo aseme ni mikono minne.

"Mzee, hiyo ni futi ngapi?" fundi aliuliza.

"Ameniambia mikono tu," baba mdogo akajibu.

"Basi mkono ni mkono," fundi akasema, akapima mbao kwa mkono wake mwenyewe. Mama alikuwa mrefu, fundi alikuwa mfupi, na hakuna aliyewaza hilo.

Mama alipofika mchana alilitazama jeneza mara moja tu. "Hili mmemtengenezea nani?"

"Mama, tukimkunja magoti kidogo..." fundi alianza.

"Hakuwahi kulala amejikunja. Hata kitandani miguu ilitokeza."

"Shemeji, gari litatuacha," baba mdogo alinung'unika.

Mama alilaza mkono juu ya ubao mpya. Fundi akachora alama kwa penseli, mama akausogeza, akachora tena. Mara ya nne penseli iliteleza, alama ikaenda upande, wakaanza upya hadi mikono minne ikatimia. Hapo ndipo fundi alipotoa tepu ya kupimia, akaipima. "Futi sita kamili," akasema polepole, akachukua msumeno. Tuliondoka giza limeingia, dereva amenuna.

Mwaka huu nimemzika mama. Mhudumu wa chumba cha maiti alitaja sentimita, fundi akazipokea kwa simu, jeneza likamtosha barabara. Yote yalikwisha kabla ya chakula cha mchana. Sina la kulalamikia. Ila nilisimama kando ya jeneza nikihangaika, sijui mikono yangu niiweke wapi.