Ngozi ya Rangi Juu ya Maji

Jumapili, saa nane na nusu mchana, niliondoka Huruma kwenda Kaloleni kwa shangazi. Mume wake ni fundi wa viatu, na nilitaka gundi yake nyeupe, ile ya maziwa ya mpira. Mwalimu wa fizikia alituambia ndani yake mna chembe laini zisizoonekana kwa macho, na zikidondoshwa juu ya maji hujipanga zenyewe, bega kwa bega. Atakayeonyesha hivyo darasani Jumatatu ndiye atakayepelekwa kwenye maonyesho ya sayansi. Mimi huwa sisemi darasani. Lakini hili nililitaka.

Eastleigh niliivuka haraka, nikapita Pumwani, nikatokea Barabara ya Jogoo miguu ikiwa vumbi tupu.

Kaloleni, binamu yangu Ndinda alikuwa mlangoni akisukwa nywele.

"Sema, profesa! Umekuja kula ama kusoma?"

"Vyote," nikamjibu chini chini.

Shangazi aliposikia haja yangu alitoa karai jipya, akalisugua kwa sabuni ya unga mpaka likang'aa, maana mgeni hapewi chombo ovyo. Nilijaza karai maji, nikazimua gundi kwa maji na spiriti, nikadondosha tone. Likazama, likitawanyika kama moshi. La pili vilevile.

"Chembe zako nazo zina aibu kama wewe," Ndinda akasema.

Nilijua ni sabuni. Ilikuwa imeshatanda juu ya maji, chembe hazina pa kukaa. Lakini utamwambiaje shangazi karai lake halifai? Nikadondosha la tatu, kwa adabu tu. Gundi ikabaki kidogo sana.

"Shangazi, hili karai..."

"Limefanya nini? Ni chafu?"

"Hapana. Limeoshwa mno. Lina sabuni."

Alinitazama, kisha akacheka mpaka akaketi. "Huyu mtoto wa kaka yangu! Miaka yote kimya, leo anafungua mdomo kunikataza kuosha vyombo!"

Tukalisuuza kwa maji matupu, tena na tena. Safari hii tone lilitambaa, na juu ya maji ikajitandika ngozi nyembamba yenye kijani na zambarau. Nikaiopoa kwa kipande cha kioo. Ndinda akainama kuitazama.

Nikirudi nyumbani na gundi iliyosalia, niliwaza kwamba kama ningenyamaza kwa adabu, gundi ingekwisha na ningeondoka mikono mitupu.

Jumatatu asubuhi nilisimama mbele ya darasa, nikaanza kueleza macho yakiwa kwenye maji. Mtu akaita kutoka nyuma, "Sauti, dada!"

Nikainua uso, nikaanza tena.