Upatu wa Mal-sun na Profesa wa Mabenki

Mke wangu, Ok Mal-sun, aliuza tofu soko la Gongju, Korea, miaka thelathini na minane. Kusoma hakujua, tarakimu tu. Alikuwa kijumbe wa upatu wa wanawake kumi wa sokoni, yeye akiwamo, na kila mzunguko alijiweka zamu ya mwisho. Wa kwanza kupokea anaweza kukimbia. Wa mwisho hana la kufanya ila kuwaamini wenzake. Mwaka ule mabenki yalipoanguka, upatu wake haukuyumba.

Habari zikamfikia Profesa Namgung wa chuo kikuu. Yeye alianza na fizikia, ile ya kukaa na karatasi bila kugusa chuma wala moto. Baadaye akahamia kwenye uchumi: unakuaje, na benki inasimamaje. Alituambia nyota na benki huanguka kwa hesabu moja. Mal-sun akamwekea supu.

Akawa anakuja kila Jumanne na daftari. Nani hulipa lini? Nani aliwahi kuchelewa? Alipofikisha mwezi wa pili wa kuja, Tak Bun-i, muuza dagaa wakavu, akaja kibandani kwetu, aproni bado kiunoni.

"Dada, yule mtu wako ni wa kodi."

"Ni msomi."

"Msomi gani anaandika jina la mume wangu? Najitoa. Nipe changu."

"Ukijitoa wewe, kesho watajitoa watano."

"Waje tu. Nitawapangia foleni."

Wakaja wanne. Basi aliyekuja kujifunza kwa nini upatu hauanguki, ndiye aliyekuwa akiuangusha. Siku hiyo Mal-sun alikata tofu imepinda. Sijawahi kuona. Upatu ndio uliokuwa jina lake pale sokoni. Ukivunjika, jina nalo limekwenda.

Jumanne iliyofuata Mal-sun akawaita wote kula, na profesa pia.

"Mwalimu, hesabu zako zinasemaje? Tutaanguka?"

"Hapana, mama. Ninyi ni imara kuliko benki. Nimepiga hesabu mara tatu."

"Vizuri. Basi ingia mzunguko mpya, uwe wa kumi na moja. Zamu ya mwisho, nyuma yangu."

Profesa akanywa maji. Akanywa tena. Kisha kwa sauti ndogo: "Haiwezekani nikapata ya kwanza?"

Bun-i alicheka mpaka akashika meza. "Mtu wa kodi haogopi hivi! Huyu mwoga kama mimi. Mpe ya kwanza, dada, na mimi ya pili."

Hakuna aliyejitoa tena, hata wale wanne.

Profesa akapokea, akanunua kompyuta. Utafiti wake ukatoka, nikasomewa: upatu husimama kwa kijumbe, kijumbe akiondoka, huvunjika ndani ya mwezi. Kaweka na mchoro.

Mal-sun alifariki Machi, miezi miwili kabla ya zamu yake.

Miezi yote miwili walilipa. Siku ya zamu yake wanawake tisa walikuja nyumbani, kila mmoja na bahasha. Profesa akafika baadaye, jasho linamtoka.

"Nisamehe, mzee. Nilisimama pale kona kwanza, nikawahesabu wanaoingia."

"Na hesabu ikasemaje?" Bun-i akamuuliza.

"Wote."

"Basi vua viatu uingie, mwoga wee."

Bahasha ya profesa niliipokea kwa mikono miwili. Mwenyewe wa kuipokea hayupo.